Ushuru wa Viatu vya Mama Mkwe

Meseji ilipoingia kwamba mzigo umeshuka Nairobi na sasa unaletwa Kakamega, nilikuwa nimefungua simu ya mteja, matumbo yake yote yako mezani. Niliiacha hivyo hivyo, nikatoka nje ya kibanda nikasimama kando ya barabara nikicheka peke yangu. Mama anayekaanga mandazi pale jirani aliniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Nikamwambia ni zaidi ya hiyo, viatu vimefika. Akatazama miguu yangu, akaona nimevaa viatu tayari, akarudi kwenye mafuta yake.

Mimi ni fundi wa simu. Vipuri vyangu vingi naviagiza ng'ambo kwa mtandao: skrini, betri, hata zile skrubu ndogo ambazo ukipiga chafya zinapotea. Kwa sababu hiyo mambo ya ushuru wa forodha nayajua, au nilikuwa najidai kuyajua. Mtu akikwama na mzigo wake hapa mjini, alikuwa anaelekezwa kwangu. Alikuja mwalimu aliyeagiza kompyuta akashangaa kuambiwa ailipie tena. Alikuja kijana wa Lurambi aliyeagiza kamera, na mwenye saluni aliyeagiza nywele za kichwa cha mtaa mzima akiandika kwamba ni zawadi ya dada yake. Wote niliwaketisha kwenye kile kigoda changu cha wateja nikawahutubia. Andika bei ya kweli. Tunza risiti. Pini yako ya kodi iwe sawa. Na la mwisho, ambalo nililisema nikinyoosha kidole, jina la mpokeaji liwe lile lile la kitambulisho, si la mtaani, si la kanisani, si lile ulilobandikwa na nyanya yako. Mwenye saluni alinikasirikia akasema najifanya mkubwa wa forodha. Nilikubali kimoyomoyo kwamba cheo hicho kingenifaa.

Sasa viatu. Havikuwa vyangu, wala vya mke wangu. Vilikuwa vya mama mkwe.

Mama mkwe anakaa Musanda, kule ambako ukitoka mlangoni unakutana na miwa. Alipokuwa mtoto mdogo, mguu wake wa kushoto uliungua kwa maji ya miwa yaliyokuwa yakichemka mahali walipokuwa wanapika sukari guru. Ulipona, lakini vidole vilijikunja na unyayo ukakataa kukua. Kwa hiyo mguu wake wa kulia ni wa mama mzima na wa kushoto ni wa msichana wa shule. Hakuna duka linalouza viatu namna hiyo. Maisha yake yote amevaa ndara za mpira, na ile ya kushoto huifunga kwa ukanda uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli.

Hayo yote niliambiwa na mke wangu, kwa sababu mimi mwenyewe mguu huo sikuwa nimewahi kuuona. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Hatupeani mikono, hatuketi benchi moja, hatuli chungu kimoja. Nikienda Musanda anabaki jikoni, nami nabaki sebuleni, na maneno yetu yanabebwa na mke wangu akipita katikati. Jina lake silitamki. Vijana wa siku hizi wamelegeza, wengine utawaona wamepiga picha wamekumbatiana na mama wakwe zao, na sisemi ni vibaya. Sisi bado tunaishika heshima hiyo. Kwa hiyo mama mkwe nilimjua kwa sauti. Nikiwa sebuleni namsikia anavuka ua, mguu mmoja unakanyaga na mwingine unaburuta.

Na nilikuwa na donda moja juu yake. Siku ya harusi yangu, yeye hakucheza. Kwetu mama wa bibi harusi ndiye huongoza wamama wenzake kuingia hemani, wamevaa vitenge vya sare, wanaimba na kutikisa mabega mpaka mbele kabisa, amkabidhi binti yake kwa watu wa bwana harusi. Harusi yangu iliongozwa na shangazi ya mke wangu. Mama mwenyewe alikuwa nyuma kwenye sufuria, akipakua. Shangazi zangu hawakungoja hata keki ikatwe. "Huyu mama hajakukubali," waliniambia, na wakalirudia hilo kila Krismasi. Liliniuma. Tena lilikuwa jambo ambalo huwezi kuliuliza, kwa maana utamuulizaje mtu ambaye hamsemezani?

Mwaka jana ndipo mke wangu alilitaja tu, tukiwa tunaanua nguo. Wamama wa siku ile walikuwa wamekubaliana kuvaa viatu vyeupe, wote sare. Mama yake alijaribu jozi ya huyu na jozi ya yule, akajaza vitambaa ndani ya kile cha kushoto, kikamtoka kwenye hatua ya tatu. Akaona heri akae jikoni kuliko kuburuta mguu mbele ya watu wa ukweni. "Si wewe alikuwa anakukataa," mke wangu aliniambia. "Alikuwa anaficha mguu." Nilisimama pale na shati mkononi. Nilifurahi na kukasirika kwa pamoja, na hasira yote niliwatumia shangazi zangu, ambao hawakuwepo.

Basi mke wangu aliposema baadaye kwamba mdogo wake wa mwisho ameposwa, na kwamba baada ya huyo mama hana binti mwingine wa kuoza, nilijua la kufanya. Mama mkwe angecheza harusi hiyo. Nilikaa na intaneti mpaka nikapata duka moja la ng'ambo ambalo kazi yake ni hiyo tu, kuuza jozi yenye namba mbili. Unachagua kiatu, unaandika namba ya kulia, unaandika namba ya kushoto. Nilipiga meza kofi simu za wateja zikaruka.

Kupima ndiko kulikuwa na kazi. Mke wangu alikwenda Musanda, akamsimamisha mama yake juu ya katoni ya sabuni, akachora nyayo zote mbili kwa kalamu. Nilimwomba aniletee vipimo tu. Akaniletea katoni yenyewe, akaitandaza mezani, akasema rula si kazi yake, akaenda kuoga. Niliona haya kama mtu aliyefungua mlango bila kubisha. Mwishowe nilifunika unyayo mmoja kwa gazeti, nikapima mwingine, kisha nikahamisha gazeti. Thelathini na sita kushoto, arobaini na moja kulia. Viatu vyeupe, kisigino kifupi, mkanda wenye bizimu ya kufungia. Nilipomaliza nikaichoma ile katoni.

Halafu nikafika kwenye kisanduku kinachouliza jina la mpokeaji.

Ningeandika langu tu, mambo yangekwisha. Lakini nilikuwa nimeshajiambia kwamba mzigo huu utakuja kwa heshima yake yeye, mama ambaye hajawahi kuletewa kifurushi chochote na mtu yeyote. Nikaanza kuandika jina lake. Herufi ya kwanza iliingia. Ya pili kidole kilikataa. Nilijaribu tena nikiwa nimefumba macho, kana kwamba hilo lingesaidia, nikafuta. Nikaandika lile ninalomwita, nikajaza kila kisanduku kama kilivyotaka. Jina la kwanza: Mama. Jina la ukoo: Mkwe. Nikabonyeza kulipa. Mimi furaha ikinipanda, akili hushuka.

Tangu siku hiyo sikutulia. Kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda nilitazama mzigo uko wapi. Umepakiwa. Umeondoka. Uko uwanja wa ndege wa nchi ambayo sikuwahi kuifikiria. Nikafikiri ni mimi tu niliyepagawa, mpaka mke wangu akaniambia kwamba jioni zote mama yake humpigia simu na swali lake ni moja. "Viatu zimelala wapi leo?" Basi nikawa namtumia jibu. Zimelala Dubai. Akauliza kama Dubai kunanyesha. Sikujua, nikatafuta kwenye mtandao, nikampelekea jibu kwamba hapana, ni kukavu. Akasema vizuri, kwa maana vyeupe vikilowa vinageuka rangi. Nadhani hatujawahi kuongea sana, mimi na yeye, kama tulivyoongea wiki zile.

Kwa hiyo mtaelewa kwa nini nilicheka barabarani.

Siku iliyofuata, Jumanne, nilivaa shati la kanisani nikaenda ofisi ya vifurushi. Iko juu ghorofani, chumba chembamba chenye kaunta, benchi moja na kalenda. Mizigo ya ng'ambo hukaguliwa hapo na afisa wa ushuru ambaye huja siku mbili kwa wiki. Yule niliyezoea alikuwa amehamishwa. Badala yake alikaa dada mmoja wa Pwani, amejifunga mtandio wa kijani, Kiswahili chake kimenyooka hata nikaanza kukiogopa changu. Niliweka simu na risiti kwenye kaunta kama mtu anayejua kazi.

"Mzigo wa nani?" akauliza.

"Wangu."

Akasoma karatasi iliyobandikwa kwenye boksi. Akanitazama. Akaisoma tena. "Wewe ndiye Mama Mkwe?"

Watu waliokuwa kwenye benchi walicheka. Mmoja wao alikuwa yule mwenye saluni.

"Mimi ndiye niliyelipa," nikasema. "Mwenyewe ni mama mkwe wangu."

"Anaitwa nani?"

"Mama mkwe."

"Nauliza jina, ndugu yangu. Mimi pia nina mama mkwe, na ana jina."

"Hata wangu analo. Ni mimi tu silitaji."

"Mmegombana?"

"Hapana. Tunaheshimiana."

Aliiweka kalamu chini. Niliona wazi kwamba ameamua mimi ni mjanja wa namna fulani, na amebaki kugundua ni namna gani. Akachukua kisu, akakata gundi ya boksi. Vile viatu vilitoka kwenye karatasi yake, vyeupe pe, na mimi nikasahau kwamba niko matatani, nikatabasamu. Yeye akavigeuza akasoma nyayo.

"Hiki thelathini na sita. Hiki arobaini na moja," akasema. "Na vile vingine viwili viko wapi?"

"Vipi vingine?"

"Cha kushoto cha arobaini na moja. Na cha kulia cha thelathini na sita."

Nikamwambia havipo, duka lao linauza hivyo. Akanieleza kwa upole, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba kuna wafanyabiashara ambao huleta viatu visivyolingana, wakisema ni takataka au ni vya maonyesho, havina thamani. Wiki nyingine wanaleta vile vilivyobaki kwa jina lingine. Kisha wanakaa chini wanavioanisha, na serikali haijaona senti. "Na wewe umeniletea viatu visivyolingana," akasema, "vya mtu asiye na jina."

Hapo nilipandisha sauti. Nilimwambia mimi ndiye ninayefundisha watu wa mji huu kulipa ushuru, amuulize yeyote. Nikanyoosha mkono kwa mwenye saluni anitetee. Yule mama akasema, "Kweli. Anatufundishanga sana. Jina iwe ya kitambulisho." Nikatamani sakafu inimeze.

"Ukipiga kelele viatu havitalingana," alisema afisa. Kisha akatoa uamuzi. Mwenye mzigo aje mwenyewe na kitambulisho, aonyeshe kwamba viatu ni vyake. Na mimi nije na simu niliyolipia, kwa sababu malipo yana jina langu. "Mje pamoja," akasema. "Keshokutwa niko hapa. Baada ya hapo mpaka wiki ijayo."

Harusi ilikuwa Jumamosi. Nilishuka ngazi nikiwa narudia lile neno moja, pamoja, kama mtu aliyeambiwa apande paa la kanisa akiwa uchi.

Mke wangu alikuwa Musanda akisaidia maandalizi. Nilimpigia. Nikamweleza kwamba jina limetukwamisha. "Uliandika nini?" Nikamwambia. Alicheka mpaka nikasikia simu imeanguka kwenye kitu chenye maji. Aliporudi hakuwa akicheka tena. "Mama hawezi kusimama na wewe kaunta moja," akasema. Nikamwambia najua. Nikamwambia basi avae ndara zake tu, aketi jikoni kama siku ya harusi yetu, na nikakomea hapo, kwa sababu nilikuwa nimeanza kumwona akicheza na sikuweza kumwondoa mawazoni. "Wacha nimuulize," akasema.

Nilikaa kibandani bila kushika kazi. Jibu lilikuja jioni. "Mama anasema anakuja. Anasema kama viatu imetoka mbali hivyo, yeye hawezi shindwa na Kakamega."

Alhamisi nilifika kabla ofisi haijafunguliwa, nikachagua pahali pangu, kwenye kona karibu na kalenda. Chumba kikajaa. Afisa akaja na mtandio wa bluu, akanitambua, akatikisa kichwa. Nikangoja. Kisha nikasikia kule chini ngazini, hatua moja inakanyaga, nyingine inaburuta. Ngazi zile zina mwinuko mkali. Nilisikiliza kila kipandio. Walipofika mlangoni niligeuka nikaitazama kalenda, mgongo kwa watu.

Chumba ni chembamba. Alisimama nyuma yangu umbali wa mkono, hajawahi kuwa karibu nami hivyo. Mke wangu alijipenyeza katikati yetu akasimama kama ukuta.

"Kitambulisho, mama," afisa akasema. Akakisoma kwa sauti, jina lote, na la baba yake. Lilipita masikioni mwangu mara ya kwanza nikiwa na mwenyewe chumba kimoja. Niliisoma kalenda kwa bidii. Ilikuwa na picha ya trekta.

"Ndugu, na wewe geuka unipe simu."

Sikugeuka. Niliipitisha juu ya bega, mke wangu akaipokea, akampa.

"Jamani," akasema afisa. "Mama, huyu aliyeangalia ukuta ni nani wako?"

"Ni bwana ya mtoto yangu."

"Unamjua?"

"Namjuanga. Sijawahi kumuangalia vizuri, lakini namjua."

Nadhani hapo ndipo yule dada alipoanza kuelewa, maana sauti yake ilipungua ukali. Akamuuliza mama kwa nini mimi siwezi hata kutaja jina lake, na mama mkwe akajibu kwamba nikilitaja watu watauliza nililelewa wapi. "Na mimi nitauliza," akaongeza.

"Basi, mama. Na viatu hivi ni vyako?"

"Ni yangu."

"Vyote viwili?"

Nilimsikia akivuta pumzi. Mguu ule aliuficha kwa watu wa harusi, aliuficha kwa wakwe, na sasa alikuwa akiulizwa mbele ya benchi zima. "Huyu mkwe wangu ako wapi?" akamuuliza mke wangu, kana kwamba hakuniona.

"Ameangalia ukuta, mama."

"Mwambie aangalie sana."

Niliisogelea kalenda mpaka trekta ikawa madoa matupu. Nikasikia benchi likilia, mtu amempisha akaketi. Nikasikia ule ukanda wa tyubu ukifunguliwa. Nikasikia bizimu ya kwanza ikifunga, halafu ya pili. Kisha akasimama. Akapiga hatua, na hatua nyingine, na nyingine. Zililingana. Nilisikiliza nikitafuta ule mburuto na sikuupata. Alikwenda mpaka dirishani, akageuka, akarudi, na kabla hajafika kaunta akageuka akaenda tena dirishani. Hakuna aliyemwambia aende mara ya pili. Sijawahi kutaka kugeuka kama nilivyotaka wakati ule, na sikugeuka.

"Mashallah," alisema afisa, polepole. Kisha nikasikia mke wangu akimwambia ni vya kuchezea harusi Jumamosi, na muhuri ukipigwa.

Ushuru ulikuwa ule ule wa kiatu chochote. Afisa alinieleza mgongoni kwamba kodi haitazami mguu, nikamwambia nimeelewa, mimi ambaye kwa kawaida hubishania mpaka bei ya gundi ya boksi. Malipo ni kwa simu, nayo ilikuwa imerudi kwa mke wangu, na nambari ya siri hakuwa nayo, kwa hiyo niliitamka kwa sauti, nikiwa nimeuelekea ukuta, mbele ya watu ambao nimewaonya miaka yote wasitaje nambari zao za siri. Mtu mmoja kwenye benchi akasema asante. Nilibadilisha ile nambari jioni.

"Haya, Mama Mkwe," afisa akasema akimkabidhi boksi tupu, maana viatu havikuvuliwa. "Ukacheze salama."

Walipokuwa wakitoka nilimsikia akimpa mke wangu ujumbe, na akausema kwa sauti ya kutosha ili usipotee njiani. "Mwambie alifanya vizuri. Nimesikia hata watu ya ng'ambo wananiitanga mama mkwe." Akashuka ngazi, ko, ko, ko, mpaka chini. Mimi nilibaki nimeegemeza paji la uso kwenye kalenda, nikicheka na machozi yakinitoka. Afisa akaniuliza kama sasa ninaweza kugeuka, maana kuna wengine wanaosubiri.

Jumamosi Musanda iliamka na spika. Mahema yalikuwa yamepigwa hadi kwenye ukingo wa miwa, na kuku walikuwa wamepungua sana. Sisi wakwe tulipewa meza yetu pembeni, kama ilivyo desturi, mbali na njia ya wamama. Nililalamika kwamba kutoka pale sitaona kitu. Mwenzangu aliyeoa dada mkubwa wa mke wangu akaniambia nikae, kwani tangu lini mkwe anaona kitu.

Wimbo ukaanza. Walitokea nyuma ya nyumba kwa mstari, vitenge vya zambarau, viatu vyeupe, mabega yakitikisika. Sikumtazama aliyeongoza. Niliwatazama waliomfuata, na kwa nyuso zao nilijua ni nani. Wengine walikuwa wanalia huku wakiimba. Shangazi ya mke wangu, yule aliyeongoza harusi yangu, alikuwa wa pili safari hii na alikuwa anapiga vigelegele mpaka sauti inakwama. Walikwenda mbele, binti akakabidhiwa, watu wakapiga makofi, na hapo ndipo wamama huketi.

Hawakuketi. Mstari uligeuka. Nilisikia wimbo unakuja upande wetu, na watu wa hemani wakaanza kuulizana wamama wanakwenda wapi. Mwenzangu akanikanyaga chini ya meza. Niliinamisha kichwa haraka, macho chini, kama inavyotakiwa. Na kwa sababu macho yangu yalikuwa chini, nilichoona ni viatu. Vilisimama kwenye nyasi kwa umbali wa heshima, vyeupe, kimoja kidogo na kimoja kikubwa, na pindo la kitenge limeinuliwa kidogo ili nivione vizuri.

Aliongea na mke wangu, aliyekuja na ule mstari, lakini kwa sauti iliyopita spika. "Mwambie hii si ya harusi ya leo. Hii ni ya harusi yake."

Kisha vile viatu vikaanza kucheza. Mke wangu aliinama sikioni kunipa ujumbe, na ingawa nilikuwa nimeusikia wote, nikamwomba aurudie.